Neno Moja la Mama Siyang

Mama mkwe wangu Consorcia, ambaye mji mzima unamwita Mama Siyang, aliishia darasa la tatu, lakini kwa miaka thelathini na moja hakuna mwigizaji aliyemfikia hapa Binayo. Sehemu yake ilikuwa na neno moja tu.

Kila Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martini, tunaigiza jinsi mji ulivyopata jina. Mhispania anafika juu ya farasi (kwetu ni kinyozi juu ya nyati wa kulimia, maana farasi hatuna), anamkuta mwanamke akitwanga mpunga, anamuuliza kwa Kihispania hapa panaitwaje. Mwanamke hajui lugha ile, anadhani anaulizwa habari za mpunga, anajibu: "Binayo." Yaani, kwa lugha yetu, umetwangwa. Mhispania anaandika kitabuni, na hadi leo sisi ni watu wa Umetwangwa. Tunacheka kila mwaka kana kwamba ndiyo kwanza tunasikia.

Sehemu hiyo Mama Siyang aliirithi kwa mama yake. Amepanda mpunga tangu ana miaka tisa, amezaa sita, amezika mume, tufani imemng'olea nyumba mara mbili, na hakuna mwaka aliokosa kupanda jukwaani na kinu chake. Ukimsifia kitu kingine anakuona mnafiki. Ukimsifia neno lile, anakuongeza wali.

Basi mwaka juzi mwalimu Epifanio Dumlao akapewa uenyekiti wa kamati ya sikukuu. Si mtu mbaya, ila cheo kilimvimbisha kichwa. Akaja nyumbani, akauchukua mkono wa mama mkwe na kuugusisha kwenye paji la uso wake kama adabu inavyotaka, akala keki ya mchele sahani mbili, ndipo akatoboa.

"Mama Siyang, mchezo nimeuandika upya. Safari hii kuna shujaa, Datu Binayo, chifu wa kale aliyewatimua wavamizi kwa mkuki."

"Huyo Datu ni mtoto wa nani?"

"Nimembuni. Lakini mji una heshima yake, Mama. Hatuwezi kusema jina letu limetoka kwa mwanamke asiyeelewa alichoulizwa. Wenzetu wanatucheka."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika. Umri umeenda."

"Haya, mwanangu. Maliza kula."

Nikajua ameumia, maana alasiri ile alifua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Mimi nilikasirika waziwazi. Nikamwambia mume wangu kwamba mama yake amevunjiwa heshima na yeye amekaa anamchana jogoo wake manyoya. Akanijibu, "Leonila, hayo mambo ya kamati." Nikamnunia siku mbili.

Sikukuu ikafika. Mama Siyang akaburuta kinu chake hadi uwanja wa kanisa, kando ya jukwaa, kutwanga pepeta za mpunga mchanga kwa ajili ya wageni. Hilo hakuna aliyemkataza, kwa kuwa kamati yenyewe ilizitaka. Mimi nikashika mchi wa pili, tukawa tunapokezana. Jukwaani Crispulo muuza nyama, aliyeigiza Datu akiwa na taji la karatasi na ndevu za katani, alikuwa akiwahutubia wavamizi. Hotuba haikuwa na mwisho. Wavamizi wenyewe walikuwa wanapiga miayo.

Mara akaingia kwa pikipiki padri mpya, aliyehamishiwa kwetu wiki ile, amejaa vumbi, amepotea njia tangu asubuhi. Akasimama kwa mtu wa kwanza aliyemwona.

"Shikamoo, Bibi. Samahani, hapa panaitwaje?"

Crispulo akanyamaza katikati ya sentensi. Uwanja wote ukageuka.

Mama Siyang hata kichwa hakuinua. Akashusha mchi mara moja, akasema, "Binayo."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ndevu za Crispulo zilidondoka. Padri akauliza amekosea nini, na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu. Epifanio alijikaza na karatasi zake mkononi, akajikaza, mwishowe akachuchumaa akacheka na sisi. Kisha akaja kwa mama mkwe, akainama, akauchukua tena mkono wake.

"Mama, mwakani urudi jukwaani. Mimi na Datu wangu tumeshindwa."

"Nitaona. Umri umeenda."

Jioni, wageni walipoondoka, tulibaki wawili tunapepeta zilizosalia.

"Mama, niambie kweli," nikasema. "Ulimsikia padri, au ulidhani anauliza mpunga?"

"Nilimsikia. Kwani nimemdanganya?"

"Hujamdanganya. Ila yule mwanamke wa zamani ndiye hakuelewa."

Akaweka ungo chini. "Nani kakwambia hakuelewa? Mgeni ana bunduki, ana kitabu cha kuandikia majina, anakuuliza kwenu kunaitwaje. Wewe ungemwambia?"

Niliona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa namcheka mtu aliyetuzidi akili.

"Kwa hiyo palikuwa na jina jingine?"

"Lipo. Mama yangu aliniachia maneno mawili. Moja la jukwaani."

"Na la pili?"

"Umeshika kalamu?"

Nikamwonyesha viganja vyangu, vimejaa pumba. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akanisogelea, akaninong'oneza sikioni.

Ni jina zuri sana. Mengine yote nimewaandikia. Hilo siandiki.