Magunia Juu ya Kibao cha Nauli

Verediana alipewa kazi ya kibao cha nauli kwa sababu ya mwandiko wake. Alikuwa ameishia darasa la nne kule Mwandiga, lakini herufi zake zilisimama wima, na Bwana Bariki, karani wa halmashauri aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, alipenda vitu vinavyosimama wima. Halmashauri ilikuwa imepanga nauli za teksi, kwenda Ujiji, Rusimbi, Kasingirima, hospitalini, nazo ziliandikwa kwa chaki kwa kuwa bei ya petroli haikutulia. Ushuru wa madereva ukaipatia stendi uzio wa mabomba, taa na mgambo. Wachuuzi wote wakahamishwa ng'ambo ya mtaro. Akabaki Verediana peke yake na sufuria yake ya uji, kwa sharti kwamba aandike nauli kila zinapobadilika na awasomee wasiojua kusoma.

Ndani ya uzio, uji uliisha kabla ya saa nne asubuhi. Wenzake wa ng'ambo ya mtaro walirudi nyumbani na nusu ya sufuria. Mjane mwenye watoto wanne haombi nafasi nyingine zaidi ya hiyo.

Ukaja mwaka ule wakimbizi wa Zaire walipovuka ziwa, boti baada ya boti. Asubuhi moja Nassib, aliyekuwa mkubwa wa madereva, alimaliza kikombe chake cha uji, akafuta masharubu, akamgeukia Verediana.

"Mama Scola, leo jua zuri. Huna cha kuanika?"

"Nianike nini?"

"Magunia yako ya unga. Pale yatakauka upesi." Akaonyesha kibao kwa kidevu, wenzake wakacheka. "Siku chache tu, shemeji. Wakishapelekwa makambini, tutarudi kwenye umaskini wetu."

Verediana aliwatazama wale waliocheka. Ndio hao hao waliomnywea uji. Akafua magunia mawili, akayatundika juu ya kibao, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko alivyotarajia.

Siku ya pili alifika mwanamke mmoja aliyeitwa Agnesi, mtoto mgongoni, shingo ya mtoto imelegea. Nassib akamtajia nauli ya hospitalini, mara tano ya ile iliyokuwa chini ya magunia. Agnesi akamgeukia Verediana, maana alikuwa mwanamke pekee pale ndani.

"Mama, niko na mutoto mugonjwa. Hapa serikali yenu haipange bei?"

Kijiti cha chaki kilikuwa ndani ya pindo la kanga ya Verediana. Alikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Bei ni ya dereva, mama."

Agnesi hakubisha. Alifungua kifurushi, akatoa kitenge kipya, pengine ndicho pekee alichokiokoa, akampa Nassib. Teksi ikapanda kilima. Siku hiyo uji uliisha mapema kama kawaida, na Verediana hakula chochote. Usingizini alimwona mwanawe Scola, shingo imelegea vilevile.

Baada ya siku mbili Bwana Bariki aliingia stendi akiwa na Agnesi. Muuguzi mmoja alikuwa amelalamika kwamba wakimbizi wananyonywa. Verediana alimtazama mtoto kwanza, akaona kifua kinapanda na kushuka, akashusha pumzi.

"Nani alikutoza?" Bariki akauliza. "Nyoosha kidole tu, usiogope."

Agnesi aliwatazama madereva, nao wakamtazama. "Sikumbuke, baba."

Karani akageuka. "Mama Scola, wewe ndiye jicho langu hapa. Kibao kilikuwa kinaonekana?"

Nassib akakohoa. "Bwana Bariki, mama wa watu anaanika magunia yake. Kuanika nako kuna ushuru?"

Wakacheka, na hata karani alitaka kutabasamu. Ilibaki Verediana acheke pia, yaishe. Macho yake yakagota kwa Agnesi, ambaye alikuwa anatazama chini kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Nilikifunika mimi," Verediana akasema. "Makusudi. Na huyu aliponiuliza, nilimwambia serikali haipangi."

Bariki akakiendea kibao. Halafu akayavuta magunia mwenyewe, akayakunja vizuri, akamkabidhi. Hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Mgambo akaamriwa kukagua nauli ya kila abiria, na Verediana akaambiwa ahamishe sufuria yake kabla ya adhuhuri.

"Umetuuza, Mama Scola," Nassib alimwambia akipita. "Haya, ng'ambo ya mtaro huko, kawauzie uji vyura."

Asubuhi iliyofuata, akiwa huko ng'ambo, alimwona Agnesi, mtoto mgongoni, akihangaika kutoka teksi hadi teksi. Huyu gari lake lina pancha, yule anamsubiri bosi, Nassib mafuta yamekwisha. Mwishowe Agnesi akavuka mtaro, kitenge chake kipya mkononi.

"Yule dereva amenirudishia," alisema. "Tulikuwa tumepatana kule hospitalini, kitenge hiki kwa safari zote za sindano za mutoto. Sasa anasema kwa bei ya kibao habebi mukimbizi. Mama, ungenyamaza tu."

 Verediana alikuwa amedhani kusema kweli kungemtua mzigo, kumbe alikuwa amemtwisha mwenzake.

"Zimebaki sindano ngapi?"

"Ine."

Alifunika sufuria iliyokuwa bado imejaa, akamwomba jirani aiangalie. Kisha akainama.

"Nipe mtoto. Wewe umechoka."

Agnesi alisita, akampa. Verediana alimfunga mtoto mgongoni kwa kile kitenge, joto la homa likampenya hadi kifuani, wakaanza kupanda kilima cha hospitali. Njia nzima Agnesi alitembea nyuma yake, na Verediana hakuthubutu kumwomba msamaha.