Transfoma na Vipande Kumi vya Keki

Mafundi umeme wenzake walimwita Transfoma, na kusema kweli hawakumwonea. Alikuwa mzito, alikuwa na joto, na akishashiba alitoa mvumo fulani wa chini chini kifuani ambao wenzake walidai unasikika hata upande wa pili wa ukuta.

Tumbo lile hakupewa na mtu. Alilioka mwenyewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na jikoni alijua kuchemsha maji na kuvunja mayai, basi. Mpishi wa nyumba ile alikuwa mume. Kila Jumamosi mikono iliyoshinda ikikaza nyaya wiki nzima iliingia kwenye unga taratibu, kama inayombembeleza mtoto: siagi nusu kilo, mayai manane, jemu katikati, krimu juu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilikuwa kimejaa hadi kinamwagikia juu ya mkanda.

Jumanne moja aliitwa na mwenzake, fundi mwembamba aliyeitwa Nguzo, kwenda kliniki ya meno ambako taa za chumba cha kungojea zilikuwa zimezimika. Waya mbovu ulikuwa juu ya dari. Transfoma akapanda ngazi, akafungua kidirisha cha dari, akapitisha kichwa, mabega yakapita kwa kubembelezwa, kifua nacho kikapita. Tumbo likagoma. Akijaribu kupanda, hapandi. Akijaribu kushuka, hashuki. Miguu ikabaki inaning'inia juu ya wagonjwa.

"Toa pumzi, kaka!" Nguzo alipiga kelele, amemshika vifundo vya miguu.

"Nimetoa yote!"

"Basi toa na ya jana!"

Watu walikuja pale wakiugulia, mashavu yamevimba, pamba mdomoni, lakini siku ile walisahau meno yao. Bibi mmoja alicheka mpaka pamba ikamruka. Daktari wa meno, mwanamke mfupi mwenye miwani, akatoka kuona kelele ni za nini. Akamtazama Transfoma kutoka kiunoni kwenda chini, akakunja mikono ya koti.

"Kung'oa ndiyo kazi yetu hapa," alisema. "Msimvute tu. Mtikiseni kwanza, kushoto, kulia, alegee. Haya, sasa!"

Wakatikisa, wakavuta. Kilichotangulia kushuka ni suruali. Mwenyewe akafuata.

Alicheka kuliko wote, maana asingecheka yeye angecheka nani? Lakini jioni alipopanda kwenye mizani chumbani na kuona kilo mia moja na kumi na nane, kicheko kilimkauka.

"Mama watoto," alimwambia mkewe, "kuanzia kesho ni majani na yai la kuchemsha. Oveni naifunga."

Alijikaza siku tisa. Siku ya tisa, njaa imempanda kichwani, alifunga kengele ya mlango kwenye ofisi moja ya ghorofa, na ikawa kila mgeni akibonyeza kitufe, taa za jengo zima zinazimika. Nguzo alifungua nyaya zile, akaziangalia, akamwangalia rafiki yake.

"Kaka," alisema kwa huruma, "nenda kale."

Jumamosi alfajiri, Transfoma alinyata kwenda jikoni. Akafungua madirisha, akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo, akaanza kupiga mayai kimya kimya. Lakini harufu ya siagi haijui kunyata. Keki ilipoanza tu kuumuka, mlango ulisukumwa, taulo likasogea, mkewe akasimama pale na gauni la kulalia.

Transfoma alificha mwiko mgongoni. Krimu ilikuwa kidevuni.

Mkewe hakugomba. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama kama anavyotazama daftari la mwanafunzi.

"Baba watoto, kosa lako si keki. Kosa lako ni mgawanyo. Keki ina vipande kumi na viwili. Wewe unakula saba, sisi wengine wote tunagombania vitano. Kuanzia leo oka upendavyo. Kimoja chako, kimoja changu na watoto. Kumi utavipeleka kwa watu. Kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Kwani una kitu kingine cha kutembelea?"

Hivyo akatoka, kikapu mkononi: kwa dada yake, kwa Nguzo, kwa fundi viatu wa mtaa wa pili, kwa yule daktari wa meno, na mwisho kabisa kwa mama mkwe wake, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita. Alitembea mpaka shati likamganda mgongoni. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mwungwana anayepokea keki akamwacha mgeni aondoke mdomo mkavu. Dada alimwekea viazi vya jibini. Mke wa Nguzo akamkaangia mayai na soseji. Fundi viatu akagawana naye mkate. Wiki ilipokwisha, mizani ikasoma mia moja na kumi na tisa. Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumamosi ya pili alikuja na mbinu mpya: bisha hodi, kabidhi, kimbia. Kwa dada ilifaulu. Kwa fundi viatu ilileta balaa. Mzee wa watu, kuona jirani yake anamsukumia keki na kutimua mbio, alijua kuna hatari. Akatoka mbio nyuma yake, kiatu mkononi, ili amsaidie. Vijana wawili waliokuwa wakiosha gari wakaona jitu linakimbia na mzee analifukuza na kiatu, wakajiunga. Walimfikia kwenye kona, ameegemea ukuta, anahema kama mvukuto.

"Nani anakukimbiza, ndugu yangu?" fundi viatu aliuliza, kiatu juu.

"Hakuna," Transfoma alisema. "Mimi... nakimbia... mkate wako."

Walipoelewa, wote wanne walikaa chini kwenye ukingo wa barabara, wakacheka mpaka mtu mmoja akafungua dirisha kuuliza kama kuna harusi.

Ghorofa ya nne, mbinu ilikufa kabisa. Alibisha, akasema, "Shikamoo mama, keki hii, kwaheri," akageuka.

"Marahaba. Na usimame hapo hapo!"

Alisimama. Mama mkwe si mtu wa kukimbiwa. Ikabidi amweleze yote, toka dari hadi kiatu. Bikizee alishika mlango kwa kicheko.

"Kumbe unakimbia sahani! Basi leo sikupi kitu. Ngoja nivae viatu tushuke wote."

Hakuwa ameshuka kwa miezi mitano. Goti lilimsumbua, naye aliona haya watu wamwone akihema kwenye ngazi. Lakini mkwe naye alikuwa anahema, na wenye haya wawili wakikutana, haya inakosa pa kukaa. Walishuka ngazi moja moja, wakihesabu kwa sauti, wakipumzika kila kona. Tangu siku ile hawakukosa Jumamosi hata moja.

Miezi sita baadaye mizani ilisoma mia moja na tano. Bado alikuwa Transfoma, ila sasa aliweza kufunga kamba za viatu bila kushikilia pumzi. Jumamosi hiyo alipofika kwenye lile jengo, hakupanda. Mama mkwe alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa, ameshuka peke yake, anatabasamu kama mtoto aliyeshinda mbio.

Alipokea kipande chake, akakikata kati, akamnyooshea nusu.

"Mama, changu nimeshakula nyumbani. Hesabu ya mwanao..."

"Mwalimu wa hesabu ni yeye," alisema bikizee, krimu tayari puani. "Mimi sikwenda hata darasa la tano. Kula."

Akala.