Damu Hufuliwa kwa Maji Baridi

Mimi ni dobi, na dobi humjua mtu kwa nguo zake kabla hajafungua mdomo. Najua nani mtaani petu anakunywa kwa siri, nani ana kidonda asichomwonyesha mkewe, nani hulala na soksi za wiki nzima. Siwasemi. Nafua, napiga pasi, nakunja. Lakini kinyaa kimenijaa hadi kooni, na leo nakitapika.

Kaka yangu mkubwa mtaa mzima unamwita Shujaa. Miaka ishirini na miwili iliyopita alirudi kutoka vitani na nishani kifuani, na hadithi ilikuwa imemtangulia: eti alishika daraja peke yake kutwa nzima, wenzake wote wameshakufa, mpaka kikosi kingine kilipofika. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Walisimulia wengine, na kila mwaka maadui waliongezeka.

Kazi yake ni kuzibua vyoo na mitaro. Watu walimshangaa, mtu mwenye nishani si angepata hata kiti cha ofisini? Sababu aliniambia mara moja tu, huku anasugua mikono kwa sabuni yangu kwa mara ya tano. "Mdogo wangu, ukinuka mavi hakuna anayekusogelea kukuuliza habari za vita." Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hali chakula na watu. Biskuti zikiwekwa mezani, hutoka nje.

Ila mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Aliporudi alinipa mfuko wa nguo zake bila kunitazama usoni. Suruali ilikuwa imekauka, ngumu kama ubao, na hayakuwa matope. Nimelea wadogo zangu, najua kilichokaukia pale. Nililoweka, nikasugua, nikabadilisha maji mara sita, kisha nikaianika nyuma ya nyumba ambako majirani hawaoni. Sikumuuliza kitu. Wiki ile ile wateja walianza kunimiminikia, "dada yake Shujaa", na sifa ilikuwa tamu, siwezi kuwadanganya. Huo ndio uchafu wangu mimi, na sijaufua hadi leo.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Alikua akiipangusa nishani ya mjomba wake kwa kitambaa laini, kila Jumamosi, bila kuagizwa. Mwaka huu vita vimeanza tena huko mpakani, naye akajiandikisha jeshini nyuma ya mgongo wangu. Alitakiwa kuripoti Jumatatu asubuhi. Nilimsihi, nikamkaripia, nikanuna siku tatu. "Mama," akaniambia, "mimi ni damu ya mjomba." Ile methali ya sikio la kufa ikanijia mdomoni, nikaimeza haraka. Hiyo mzazi haisemi juu ya mtoto wake.

Ijumaa akaja na sare. Ilikuwa kubwa mno, halafu haikuwa mpya. Zilizotumika ndizo walizopewa, akasema, mpya hazikutosha. Nikachukua shati nilipunguze. Nilipoligeuza ndani nje nikaona, ubavu wa kushoto, kiraka kidogo kilichoshonwa kwa ustadi, na kukizunguka doa la kahawia.

"Kutu hiyo," binti yangu akasema.

Kutu! Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ukiimwagia ya moto umeipika, haitoki tena. Basi kuna mtu huko kambini aliyechemsha shati la maiti, akaziba tundu la risasi, akalikunja vizuri na kumpa mwanangu. Nilikimbilia mtaro nikatapika hadi nyongo. Kisha nikarudi nikalipunguza, maana kazi siiachi nusu, na mikono yangu ni mijinga kama mimi.

Jumapili mchana majirani wakajaa uani kumuaga. Mwenye duka alileta soda, akagonga meza kwa chupa. "Shujaa! Muage mpwa wako na ile ya daraja!" Wakapiga makofi. Nikawatazama mmoja mmoja, wamevaa nguo nilizozifua mimi, wananukia, wanashangilia mtoto wa mwenzao apelekwe kuuawa. Wao, wana wao wote wako nyumbani. Nilitamani niwamwagie beseni la maji machafu.

Kaka yangu alikuwa ameinamia mikono yake. Nikaenda nikamwekea lile shati magotini, limegeuzwa ndani nje. Binti yangu akanikazia macho. Kaka akapitisha kidole juu ya kiraka, polepole, kisha akajigusa ubavu wake mahali pale pale.

"Rafiki yangu risasi ilimwingia hapa," akasema.

Akawainulia uso majirani.

"Daraja sikulishika. Nilikuwa chini yake. Bunduki nilikuwa nayo, na sikufyatua hata risasi moja, vidole vilikataa. Tumbo likaniachia. Kamanda naye lilimwachia, nilimwona, lakini ya kamanda hayakunuka. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha."

Wawili wakacheka. Hakuwajali.

"Rafiki yangu akaniangukia. Alikuwa hai. Aliniita jina langu, akaniomba nimgeuze, hawezi kupumua. Sikumgeuza. Nilimvuta anifunike vizuri zaidi. Na nilifurahi. Sikilizeni, mmeitaka wenyewe. Nilifurahi kwamba ni yeye, si mimi, na furaha kama ile sijaipata tena. Alipokata roho nikampapasa mfukoni, nikatoa biskuti zake, nikazila pale pale. Zilikuwa zimelowa. Nilikuwa na njaa. Kikosi kilipofika kilikuta mtu mmoja tu aliye hai darajani, wakaandika walichoandika."

Mwenye duka akaweka chupa chini. "Vita vinavuruga akili," akasema. "Lakini jamani, mambo haya si ya kusema mbele ya chakula." Wakaanza kuaga, huyu ana mgonjwa, yule ameacha mlango wazi. Mtu alikuwa amelala chini ya mwenzake anayekufa, na kilichowakera wao ni chakula!

Binti yangu alibaki amesimama. "Mjomba, unanitia kinyaa."

"Hata mimi najitia," kaka akasema.

"Mimi ningemgeuza."

"Nilisema hivyo hivyo kwenye lori, mpwa wangu. Rafiki yangu naye alisema hivyo hivyo."

 Binti yangu aliingia chumbani akafunga mlango, nami nikajipa moyo kwamba neno limemwingia.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amevaa. Shati lilikuwa limemkaa sawasawa.

"Mjomba ni mwoga, Mama. Bora nimejua."

"Mimi nilifua suruali yake aliporudi," nikasema. "Nimejua miaka ishirini na miwili."

Akanitazama kama mtu aliyefunua chungu akakuta mabuu. Hakuwa amemtazama mjomba wake hivyo jana.

"Ulijua? Na Jumamosi zote zile ulikuwa unaniona naipangusa ile nishani?"

 Ningemwambia nini, kwamba wateja walikuwa wengi? Akabeba begi lake. Nikamfuata hadi mlangoni, nikamshika mkono.

"Ukirudi, nguo zako niletee mimi. Zikiwa na chochote, mwanangu. Usimpe mwingine. Safari hii nitauliza."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, bila hasira, akaenda. Alipofika dukani, mwenye duka alimpungia kwa mikono yote miwili. Yeye hakupunga. Begi lilikuwa begani kulia, na mkono wake mwingine ulikuwa umeukandamiza ubavu wa kushoto, juu ya kiraka.