Nilimfaulisha Mdogo Wangu Kipimo cha Akili

Kosa ni langu peke yangu. Jina naomba lisitajwe, maana kwetu Muleba bado wananipongeza.

Mdogo wangu Koku ana miaka kumi na tano, na ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Shuleni kijijini alikuwa anakaa nyuma, na watoto wa miaka minane, anachora duara mpaka kengele ilie. Tukasikia kuna shule Bukoba yenye kitengo cha watoto kama yeye, wanafundishwa kushona, kupika na kujitegemea. Ila kwanza apimwe akili.

Mimi nikisikia kipimo nawaza kufaulu tu. Nilisoma kwa kukariri, sijui njia nyingine.

Nikamleta Koku kwangu Kahororo, hapohapo Bukoba, akae wiki tatu. Jirani ambaye mtoto wake alishapimwa akanisimulia maswali yote, nikayachora kwenye vipande vya boksi. Kabla ya chai, maswali. Tukimenya ndizi, maswali. Akipatia, kipande cha chapati. Mtoto alinenepa.

"Moto na barafu vina tofauti gani?"

"Moto unaunguza, barafu inagandisha," anajibu huku macho yake yakiwa kwenye chapati.

Siku yenyewe alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Mpimaji, mama mmoja mpole, akavua miwani.

"Dada, huyu hana shida. Arudi darasa la kawaida. Nafasi yake tutampa mwingine."

Nikaropoka: "Waitu, tafadhali mama, hayo majibu nimemkaririsha mimi."

Akamgeukia Koku. "Ni kweli dada alikufundisha?"

"Hapana, nimefikiri mwenyewe."

Hata jibu hilo nilimkaririsha mimi, asije akanitaja.

Nikamsihi mpimaji amuulize kitu kipya. Akauliza, "Ukikuta nyumba yenu inaungua utafanya nini?" Hilo hatukulisoma. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naomba akosee.

"Nitamtoa mama," akasema.

Mpimaji akaniambia ni aibu kumfanya ndugu yangu mjinga. Kwenye fomu akaandika kwamba dada wa mtoto hataki asome.

Koku akampigia mama yetu simu kabla sijamzuia: "Nimefaulu." Tulipofika Muleba kuku alikuwa ameshachinjwa, majirani wamejaa uani, na mzee wa kanisa akaomba sala ya shukrani kwa ajili yangu. Nilikula. Nifanye nini? Mama alikuwa analia kwa furaha.

Jumatatu Koku akarudi nyuma ya darasa. Nimeenda kwenye ile shule mara nne kuomba apimwe tena, na kila mara wanafungua faili, wanasoma nilivyoandikwa, wananiambia nisubiri mwaka uishe. Mama nimemwambia ukweli juzi tu.

Wewe mwenye ndugu kama wangu, siku ya kipimo mpeleke alivyo. Mwache akosee, mwache akae kimya, mwache aseme moto ni baridi. Usione aibu kwa niaba yake. Mimi niliona, na sasa kila nikienda nyumbani Koku ananifuata hadi migombani na begi lake mgongoni.

"Dada, si nilifaulu? Mbona hatuendi?"