Kiini Kinakamata

Kaa karibu, msikilizaji wangu, wala usiliogope somo hili. Mimi mwenyewe sikuogopeshwa na somo. Niliogopeshwa na neno moja.

Nilikuwa mwalimu Mbale, na vita vya kumng'oa dikteta wetu vilipokaribia kwisha nilisafiri kwenda Jinja na daftari la hesabu zangu za miaka miwili. Halikuwa na nakala. Nilitaka kujua jinsi kiini cha atomu kinavyoipata chembe inayokuja polepole, kisha kutoa mionzi. Wengine hukichukulia kiini kama donge moja. Mimi nilianzia ndani, kwa kila protoni na kila nyutroni. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kwa hiyo maelezo niliyaandika kwa Kiswahili.

Kabla ya kufika Bugembe, karibu na Jinja, kwenye kizuizi cha barabarani, askari alilifungua daftari langu akasoma kwa sauti: "Kiini kinakamata. Nguvu ikiwa ndogo, kinakamata zaidi."

Akaniangalia. "We nakamata nani? Nguvu ya nani iko ndogo?"

Miaka ile kukamatwa kulikuwa ni kuchukuliwa usirudi. Neno hilo nilikuwa nimelijaza kila ukurasa, na jeshi lake lilikuwa linashindwa.

"Afande, si mtu. Ni kitu kidogo mno."

"Kidogo kama bomu?"

Mama mchuuzi wa Nakaloke, aliyeshushwa basini pamoja nami na gunia lake la njugu mawe, akadakia: "Afande, mwalimu huyu hata kuku hawezi kukamata!"

Askari hakucheka. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwomba kofia yake ya chuma. Akanipa.

Nikaiweka chini kama bakuli, nikaviringisha punje moja ya njugu ndani. Ikateremka, ikapanda upande wa pili, ikatoka. Nikaweka punje chache chini kabisa, nikaviringisha nyingine vilevile. Ikazigonga, zikalia, nayo ikabaki.

"Imepokelewa, afande. Nguvu yake punje zote zimegawana, na ziada imetoka kama ule mlio. Katika kiini, ziada hutoka kama mwanga usioonekana."

"Na kama haitoki?"

"Chembe itaruka nje tena."

Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Akanirudishia daftari. "Futa hiyo neno. Yote. Andika ile umesema: pokea."

Nilifuta nimepiga magoti barabarani, yule mama akichungulia begani kwangu: "Hilo umeliruka, mwalimu. Na lile pale!"

Amani iliporudi nilifundisha Jinja kwa daftari lilelile. Hata leo mwanafunzi akisema kiini kinakamata, chaki hunidondoka.

Nawe usiniamini kwa maneno. Chukua bakuli la duara, viringisha punje moja ya njugu mawe kutoka ukingoni. Kisha weka kumi chini, rudia, na usikilize mlio.