Siku Tuliyogawa Mbuzi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Nimezaliwa kwenye vilima vya magharibi, kule mashamba yanakobanana hadi kuku wa jirani anakuja kutaga kwako, na mnyama mkali tuliyemjua utotoni alikuwa nguchiro mwizi wa vifaranga. Kisha nikapangiwa shule moja ndogo mbele ya Isinya, ndani kabisa, mahali ambapo ukisimama mlangoni pa darasa unaona nyasi mpaka macho yachoke. Majirani zangu wa Kitengela, ninakopanga nyumba, huniambia nina bahati kufundisha penye hewa safi. Hewa ni safi kweli. Wasichojua ni kwamba simba naye anaivuta hiyo hiyo.

Wiki ya mwisho ya mwaka ilianza vibaya. Tulikuwa uwanjani tukifanya mazoezi ya nyimbo za siku ya kufunga shule, wasichana wawili wakatumwa kuchota maji kwenye tangi nyuma ya darasa la mwisho. Walirudi na ndoo tupu, wakitembea. Kama wangekuja mbio ningewagombeza, lakini walitembea polepole, mmoja akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, "Olng'atuny." Kimaasai changu ni cha salamu na cha kuomba maziwa, lakini neno hilo nilikuwa nalijua: simba. Tulienda kutazama. Pale maji yanapomwagika kwenye tope palikuwa na nyayo, na nilipoweka kiganja changu juu ya unyayo mmoja, kilienea chote na nafasi ikabaki.

Askari wa wanyamapori walikuja, wakapima, wakapiga picha. Walisema ni simba jike, huenda anapita tu, anafuata punda milia waliokuja na nyasi za mvua za vuli. Watoto wasitembee peke yao, basi. Mwalimu mkuu akatoa amri papo hapo: kurudi nyumbani ni kwa makundi, na kila kundi mtu mzima mbele. Mimi nikajiwekea amri yangu binafsi, kwamba sitaenda choo cha shule mpaka mwaka uishe, maana choo chetu kiko kule kwenye vichaka na mlango wake haufungiki. Wanafunzi waliniona nikikunja miguu darasani wakauliza kwa huruma, "Madam, unaumwa?" Nikawaambia wasome.

Katika darasa langu, Gredi ya Tatu, kulikuwa na msichana mmoja mwembamba aliyeletwa mwanzoni mwa mwaka akiwa hajui herufi hata moja. Alikuwa amekaa nyumbani sana, akichunga mbuzi wa mama yake. Alinichosha yule mtoto! Alikuwa anasoma kwa kusukuma kidole chini ya maneno, na akikosea neno moja harudii sentensi, anarudi juu kabisa ya ukurasa na kuanza upya. Nilimwambia mara nyingi si lazima. Ananisikiliza kwa heshima zote, halafu anarudi juu ya ukurasa. Kufikia muhula wa tatu alikuwa anasoma hadithi nzima, na nilipotakiwa kumchagua mtoto wa kuwasomea wazazi siku ya kufunga, nilimchagua yeye. Mama yake alituma habari kwamba hataweza kuja kwa kuwa alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Namanga.

Siku yenyewe ilikuja na upepo. Hema lilipigapiga kama nguo kwenye kamba, na sufuria za pilau zilikuwa zimepangwa nyuma ya ofisi. Wazazi walikuja wengi, akina mama na shanga zao za sherehe, wazee na fimbo zao. Walimu wenzangu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa natazama nyasi. Kila upepo ulipozilaza niliona kitu, na kila mara hakikuwa kitu.

Zamu yake ilipofika, msichana wangu alisimama mbele ya umati, kidole kwenye kitabu. Alisoma vizuri hadi karibu na mwisho, akajikwaa kwenye neno moja. Nilijua kitakachofuata. Akarudi juu ya ukurasa. Wazazi walicheka kidogo, halafu wakanyamaza, halafu alipomaliza safari ya pili bila kosa walipiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Nilijivuna sana, nakiri, hadi nikasahau kutazama nyasi.

Mtaala huu mpya hauna namba moja, lakini nenda ukawaambie wazazi wetu hivyo. Wanataka kujua nani ameshinda. Mwalimu mkuu huwa anatafuta njia: anamwita aliyeimarika zaidi katika kila darasa, na huyo anapewa sahani, au kikombe, au chupa ya chai. Sahani zilikuwa zimepangwa mezani tayari wakati mwenyekiti wa bodi ya shule aliposimama. Ni mfugaji, mtu mrefu wa maneno machache, na ndiye aliyetujengea ua wa miiba kuzunguka shule.

"Mwalimu," akasema, akiinua sahani moja na kuigeuzageuza, "hii kitu haizai."

Watu wakaangua kicheko. Kumbe alikuwa amekuja na mbuzi majike kwenye pikapu lake, mmoja kwa kila mshindi. Aliwakabidhi mwenyewe, akimwekea kila mtoto mkono kichwani kwa baraka. Alipofika kwa msichana wangu alimtazama ule wembamba wake, akarudi kwenye pikapu, akabadilisha. Akamletea kitoto cha mbuzi, cheupe, ambacho bado kilikuwa kinanyonya.

"Huyu ataweza kumbeba," akasema.

Sijawahi kumwona mtoto akifurahi vile. Hakucheka. Alikikumbatia kile kitoto cha mbuzi, akafumba macho. Mbuzi naye akaanza kumlilia mama yake, na hakunyamaza wakati wote wa hotuba.

Kisha pilau likatoka, na kila kitu kikavurugika. Wazazi huku, soda kule, watoto wanapita katikati ya miguu. Ile amri ya makundi nani angeikumbuka, na shule imejaa watu wazima? Niliikumbuka mimi, kwa sababu ya uoga wangu. Niliita darasa langu na sahani zao nikawahesabu kwa macho. Msichana hayupo.

"Ako wapi?"

"Ameenda, Tichaa," akasema binamu yake, mdomo umejaa. "Mbuzi yake ilikuwa inalia njaa. Amesema anaipeleka inyonye kwa mbuzi ya mama yake."

"Na nani?"

Akaacha kutafuna. "Na mbuzi."

Wazia mwenyewe: mtoto mdogo, peke yake, kwenye nyasi zinazomfika kifuani, amebeba mbuzi anayelia. Kama ungetaka kumwita simba usingetafuta njia nyingine. Nilimkuta mwenyekiti akila na wazee wenzake nikamwambia kwa pumzi moja. Nilitegemea aniambie nisiwe na wasiwasi, hawa ni watoto wa hapa, wanajua njia. Ningemshukuru. Lakini aliweka sahani chini taratibu, na nikaona uso wake umebadilika.

"Nilimpa mdogo ndiyo aweze kubeba," akasema, kama vile nilikuwa nimemlaumu. "Mwalimu, twende."

Pikapu lisingepita kule, kwa hiyo alichukua pikipiki ya mzazi mmoja. Nilipanda nyuma na gauni langu la sherehe, bila kufikiri, na nilipopata nafasi ya kufikiri tulikuwa tumeshatoka getini. Wanaume wengine walikuwa wakitufuata kwa miguu, mbali. Njia ya kwao msichana inakata mbuga na kushuka kwenye korongo lenye migunga. Mwenyekiti alikuwa akizima pikipiki kila mara ili tusikilize. Upepo tu. Tena upepo. Nilikuwa naomba Mungu kwa lugha ya nyumbani, ile ninayotumia mambo yakiwa mabaya kweli.

Mara ya mwisho alipozima tukasikia mbuzi. Alikuwa mbele, upande wa korongo, analia kwa nguvu, na nilitaka kulia mwenyewe kwa furaha, maana mbuzi akiwa hai na mtoto yu hai. Kisha sauti ikakatika. Haikufifia. Ilikatika katikati.

Niliruka chini nikaanza kuita jina la mtoto. Niliita kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi. Hakuna jibu. Nikaita tena na tena nikikimbilia korongoni, na akilini nilikuwa nimeshaiona sweta yake ya kijani chini, na viatu, na nilikuwa nimeshasimama mbele ya mama mwenye kichanga mkononi nikikosa neno la kumwambia. Mwenyekiti alinishika mkono akanivuta kwa nguvu.

"Mwalimu. Nyamaza."

Alinyosha kidevu kuelekea ng'ambo. Simba alikuwa amelala ukingoni mwa korongo, upande wa pili, rangi moja na nyasi, kichwa juu. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama chini, kwenye kichaka kimoja kilichokuwa upande wetu, na masikio yake yalikuwa mbele.

"Usikimbie," mwenyekiti akaninong'oneza. "Hata ukitaka."

Nilitaka. Ndiyo, nilitaka, na kama miguu ingenitii ningefika Kitengela. Alirudi kwenye pikipiki hatua moja moja, akaiwasha, akaiungurumisha mpaka moshi ukatanda, akapiga honi bila kuachia na kupaza sauti ambayo sikujua mtu anayo. Simba alisimama. Alitutazama, na ninaapa alinitazama mimi. Halafu akageuka, akaondoka bila haraka, na nyasi zikamfunika.

Tulishuka kichakani. Msichana alikuwa amechuchumaa, mgongo kwenye udongo wa ukingo, na mbuzi alikuwa ndani ya sweta yake. Mzima! Hakuwa na hata mkwaruzo. Nilianguka magotini nikamshika uso, mabega, miguu, nikamtikisa, nikamkumbatia, nikamgombeza, yote kwa wakati mmoja. Machozi yalinitoka bila aibu. Yeye alikuwa mkavu kabisa. Alinitazama kwa hasira.

"Tichaa, ulikuwa unaita sana," akasema. "Nilikuwa nakusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakujibu. Alikuwa amemwona simba kabla yetu, akaingia kichakani, na alijua kinachotakiwa ni kimya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepotelea ndani ya sweta na hakuutoa. Mwenyekiti alichuchumaa mbele yake, akamsemesha Kimaasai kwa upole sana, akaingiza mkono, akaanza kuvifungua vile vidole, kimoja, kisha kingine. Vilikuwa vimeshika mdomo na pua ya mbuzi. Alipomtoa, shingo ya mbuzi ililala upande na haikuinuka.

Mtoto anayechunga mbuzi tangu aanze kutembea hahitaji kuelezwa. Alimtazama mbuzi wake, akamfuta mate mdomoni kwa mkono wa sweta.

"Nilimwambia anyamaze," akaniambia. "Akakataa."

Mwenyekiti alivua shuka yake akamfunika mbuzi. Kisha akamwambia mtoto maneno, na nilisikia ndani yake neno la mbuzi, na akanyosha mkono kuonyesha kimo, kimo cha mbuzi mkubwa, karibu na goti. Nilielewa. Kesho angemletea mwingine, mkubwa, anayetembea mwenyewe.

Msichana aliinamisha kichwa. Kwao mtoto hamkatalii mzee usoni, kwa hiyo alinigeukia mimi, akanivuta gauni, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anasoma:

"Tichaa, mwambie sitaki. Na huyo atalia."