Gari la Maziwa na Oili Isiyomwagwa

Denge Arero hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia sokoni Isiolo, aliitikia huku akizitazama ndala zako. Lakini mpe usukani, na barabara ya kwenda Garbatulla, ile inayovunja springi za wenzake, ilitulia chini ya mikono yake kama ngamia anayemjua mwenyewe.

Alizaliwa Biliqo, akachunga ngamia wa baba yake, akasoma kidogo, akawa utingo wa lori la mifugo mpaka siku moja akaachiwa usukani. Kisha kwa miaka mingi akaendesha gari kuukuu la mfanyabiashara aitwaye Mahamud. Gari hilo lilivuja oili chini na kuichoma kuwa moshi nyuma, na kila asubuhi Denge alifungua kifuniko akaliongezea. Kumwaga ile ya zamani hakukumjia akilini hata mara moja. Kwake ilikuwa kama gorfa la mama yake, kile chombo cha kusukwa cha maziwa lala. Maziwa mapya humiminwa juu ya masalio ya jana, na ya jana ndiyo huyafundisha mapya kuganda. Anayemwaga yote hana kesho. Gari la Mahamud likazeeka, likauzwa, na injini yake ilikuwa bado inanguruma.

Ndipo kina mama wanaouza maziwa ya ngamia wakanunua pikapu ya dizeli yenye tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini na kuipulizia injini hewa ipate nguvu. Kiongozi wao, mjane aitwaye Qabale, akamkabidhi Denge ufunguo mbele ya wote. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa mkono na mguu wao. Maziwa yakifika mjini kabla ya jua kuwa kali, watoto wanasoma; yakichelewa, hakuna karo.

Denge aliipenda. Ilipopanda kilima tabo ilipiga mluzi mwembamba, naye alitabasamu peke yake. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba haikuvuja. Kila alipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwepo. Nyeusi, ndiyo, lakini ipo. Akaona hili ni gari lenye shukrani. Aliongeza tone kidogo pale ilipopungua, basi. Mvua zikaja, zikaenda, kiangazi kikarudi.

Asubuhi moja walikuwa wanarudi mjini, jerikeni zimejaa nyuma, Qabale na msaidizi wake Farhiya wamekaa mbele. Wakaanza kupanda mlima. Ule mluzi ukageuka kilio, kilio kikawa kama chuma kinachosagwa, kisha kukawa kimya. Moshi wa buluu ukaifunika barabara nyuma yao. Denge alikanyaga mafuta, gari halikujibu. Akazima.

Lori la mchanga likawavuta mpaka kwa fundi Ndegwa, mtu wa Nyeri aliyekuwa na gereji Isiolo tangu ujana wake. Njiani maziwa yalianza kuchacha.

Ndegwa aliingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili. Akangoja. Hakikutoka kitu. Alichokoa kwa waya, ndipo likaanguka donge zito kwenye karai, jeusi kama lami ya barabarani. Kisha akaifungua tabo. Mhimili ulikuwa umekatika, na mapanga ya feni yametafuna ukuta wake.

"Mzee Denge," alisema polepole, "hii oili uliimwaga mara ya mwisho lini?"

"Huwa naongeza."

"Sijauliza kuongeza."

Denge alilitazama donge. Alijaribu kueleza habari ya gari la Mahamud, habari ya gorfa, na sauti yake ikawa ndogo hata Ndegwa akalazimika kuinama. Fundi hakucheka. Alisema lile gari kuukuu lilikuwa linavuja na kuchoma oili, kwa hiyo kila alipoongeza alikuwa anaibadilisha bila kujua. Hili halikupoteza kitu, likabaki na uchafu wake wote tumboni. Na tabo huzunguka kwa kasi kuliko macho yanavyoweza kuona, ikielea juu ya oili peke yake, kwenye joto kama la makaa.

"Wengine watakwambia kilomita elfu kumi," akasema. "Hao hawajui vumbi lenu na mzigo wenu. Elfu tano, mwaga yote, na filta uibadilishe. Ukiona hujafika na imekuwa nzito, usingoje."

Farhiya akajifunga leso upya. "Wanaume wetu wanajua kunywa maziwa tu."

Qabale ndiye aliyemmaliza. "Denge, ulimwona mama yako akiongeza maziwa. Ulimwona akiliosha gorfa?"

Hakuwahi. Maziwa yakiisha, gorfa huoshwa na kufukizwa kwa vijiti vya moto, lakini hiyo ni kazi ya wanawake, na saa hiyo yeye alikuwa malishoni. Jambo alilolijua kuliko yote maishani mwake, alikuwa amelijua nusu.

Qabale akanyoosha mkono. Denge akauweka ufunguo kiganjani mwake.

Injini iliponea chupuchupu, ikafungwa tabo nyingine iliyotumika. Siku Ndegwa alipoiwasha na ikanguruma vizuri, Qabale alimwita Denge nyumbani kwake. Kina mama walikuwa wamekaa. Katikati palikuwa na maji, vijiti vya moto, na gorfa tupu.

"Osha," alisema.

Hakuna mwanamume wa Biliqo aliyewahi kufanya hivyo mbele ya watu. Denge alipiga magoti, masikio yakimwaka, wanawake wakicheka mpaka machozi. Akamimina maji, akasukutua, akayamwaga. Yalitoka meusi kwa masizi ya mfukizo wa zamani, na mabonge yaliyooza. Akarudi nyuma kwa mshtuko. Hilo ndilo gorfa alilonywea wiki zote gari lilipokuwa gerejini, na kina mama walikuwa wakiliongezea tu maziwa bila kuliosha.

"Bado," alisema Qabale. "Tena."

Akaosha tena, na tena, mpaka maji yakatoka meupe. Alipoinua kichwa, ufunguo ulikuwa umewekwa chini, kando ya goti lake.